Siku Maji Yalipokaa Matanga

Wajukuu zangu mliokuja juzi hapa nyumbani na kamera yenu inayoruka na kuvuma kama nyigu, kwanza nawaambia kuku wangu bado hawajatulia. Mlisema mmetumwa kuangalia ni majengo gani ya Upare yataumia mvua kubwa ikija: zahanati, maghala, matangi ya maji, madaraja. Nikacheka, nanyi mkatazamana, mkadhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Nilicheka kwa sababu kazi hiyo niliifanya mimi enzi za Mwingereza, kwa miguu na fimbo, kutoka Same mpaka Lembeni na kupanda mpaka Ugweno. Haikuwa na jina zuri kama lenu. Watu wa reli walituita waoga wa serikali, na hawakukosea sana. Nilikuwa nalipwa mshahara wa kuogopa.

Mmeniomba niwaandikie ninayoyakumbuka. Nitaandika, ila msinidai mpangilio. Kichwa cha mzee ni kama stoo ya bibi yenu: unaingia kutafuta jembe unatoka na ungo.

Aliyenifundisha kuogopa ni Mzee Zefania, mtu wa Shighatini, huko Ugweno. Alikuwa fundi mwashi, amejenga makalavati mengi chini ya barabara na reli, mpaka Boma la Same likamtoa kwenye mwiko na kumpa kazi ya kukagua. Jina lake la ubatizo lilijulikana kanisani tu. Kwingine kote aliitwa Itakuwaje, maana hilo ndilo swali lililokuwa halimtoki mdomoni. Itakuwaje jiwe lile likiteleza? Itakuwaje upepo ukigeuka? Harusini kwa jirani yangu alikataa kukaa mpaka achunguze nguzo ya banda. Akamwambia mama wa bibi harusi, mbele ya wakwe, "Mama, itakuwaje mchwa wakimaliza kula hii?" Yule mama hakumpa nyama. Lakini watu walisogea kimyakimya upande mwingine wa banda, na wakwe wakiwa wa kwanza.

Siku ya kwanza kazini nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba. Una mke?" Nikasema ninaye. "Unampenda?" Nikashikwa na aibu, nikasema ndiyo. "Basi kila jengo utakalolikagua," akasema, "mweke mkeo ndani yake kwanza, halafu ndipo uniambie kama ni salama." Nilidhani ni maneno ya kumchezea kijana mgeni. Mtaona baadaye maneno hayo yalinifikisha wapi.

Alinipeleka kwenye ghala la nafaka. Nikatazama kuta nene, bati jipya, mlango wa mbao nzito, nikasema kwa kujiamini kwamba hili halianguki. Akanipa fimbo yake, akaniambia nichome chini ya ukuta, upande wa nyuma ambako hakuna mtu anayepita. Fimbo iliingia kama kwenye ugali. Mchwa walikuwa wamekula msingi na kutuachia sura. Tangu siku hiyo jengo lolote nalianzia nyuma, hata kanisa.

Sikilizeni, kuna mambo kamera yenu haitawaambia. Mti wa mlimani uliopinda shinani kisha ukanyooka juu unawaambia kwamba ardhi pale inatembea polepole, na mti umekuwa ukijirekebisha. Nyasi kavu zilizonasa kwenye matawi ya migunga ya tambarare ni alama ya maji ya zamani. Msitazame chini, tazameni juu. Chemchemi ikitoa tope wakati wa mvua, ogopeni. Ikikauka ghafla na mvua bado inanyesha, msipoteze muda wa kuogopa, kimbieni, kwa maana kuna kitu kimeyazuia maji huko juu, na hakitayazuia milele.

Na msimuulize mwanamume mafuriko ya zamani yalifika wapi. Mwanamume atakuonyesha gotini, mwaka ujao atakuonyesha kiunoni, na akizeeka yalimfunika kichwa, akaogelea na ng'ombe begani. Muulizeni mama. Atasema, "Nilikuwa na mimba ya huyu wa tatu, nikaweka kinu changu juu ya jiwe lile, maji yakagusa kinu." Jiwe lipo, kinu kipo, na huyo wa tatu mnamwona anachunga mbuzi. Mzee Zefania alikuwa akienda moja kwa moja jikoni kila nyumba tuliyofika. Wanaume walimwonea wivu bure, kumbe mwenzao anatafuta maji.

Basi nije kwenye lile ninalotaka mlijue.

Chini ya milima, si mbali sana na Lembeni, kulikuwa na zahanati. Jina lake nitaliacha, mimi na wajukuu wa waliokuwamo bado tunasalimiana. Ilijengwa mahali ambapo korongo linaloshuka mlimani hugawanyika mikono miwili, mmoja kushoto, mmoja kulia. Jengo lilikuwa katikati, juu ya kilima kidogo cha mawe. Ukilitazama mara ya kwanza unashtuka. Bwana mhandisi, Mwingereza mmoja mpole aliyependa makande kuliko sisi wenyewe, alikuja na darubini yake ya miguu mitatu, nasi tukakaa pale tukipima. Tukatazama migunga, tukawauliza kina mama, tukahesabu alama kwenye mawe. Mzee Zefania akauliza itakuwaje kwa kila kitu, hata kwa choo. Mwisho sote watatu tukaafikiana, na mpaka leo naona tulipima vizuri yale tuliyoyapima. Tulisema hivi: mvua kubwa ikija, mikono yote miwili itajaa, zahanati itabaki kisiwa, lakini maji hayatapanda kilima. Kwa hiyo wagonjwa wasitolewe. Hatari iko kwenye kuvuka, si kwenye kukaa. Wakae ndani mpaka maji yapungue.

Nyinyi mnadhani visiwa viko baharini tu. Sisi tulikuwa na chetu, cha tambarare, na tuliwaamuru watu wabaki humo.

Mwaka huo vuli ilichelewa. Huku juu watu walikuwa wakitazama mbingu mpaka shingo zikauma. Mke wangu Namkunda alikuwa na mimba nzito. Ya kwanza tulikuwa tumeipoteza, naye alikuwa haongei juu yake, ila usiku nilimsikia hajalala. Mama yake alitaka ajifungulie nyumbani, mlimani. Mimi nikasema hapana, atashuka zahanati, kuna dresa aliyesomea kutibu, kuna dawa, na jengo nimelikagua mwenyewe. Mzee Zefania alikuwa amefikia kwangu siku hizo. Aliposikia akanitazama kwa tabasamu kidogo, kwamba sasa ninamweka mke ndani kwelikweli. Nikampeleka Namkunda.

Halafu mbingu zikafunguka.

Mvua ile haikuwa na adabu. Asubuhi yake niliteremka kwenda kumwona mke wangu, nikakuta mikono yote miwili ya korongo imejaa, maji mekundu, mawe yanagongana chini kwa sauti inayoingia tumboni. Zahanati imebaki kisiwa, kama tulivyosema. Dresa alitoka barazani akapaza sauti, sikusikia maneno, nikaona tu anapunga mkono kwamba wako salama, watakaa ndani kama walivyoagizwa. Nikarudi nyumbani nimetulia. Nikamwambia Mzee Zefania kwamba mambo yamekwenda sawasawa na makadirio yetu. Niliona fahari, msinicheke.

Tukiwa tunakunywa uji, jirani akaja na habari ya msiba. Mjomba Kajiru amefariki alfajiri, huko juu. Alikuwa kaka wa mama yangu na mkubwa wa ukoo wao. Tukajifunika magunia, tukapanda kwenda kuhani.

Kwa wasiozaliwa milimani inabidi nieleze kitu. Tuna ndiva. Ndiva ni bwawa lililochimbwa na mababu kwenye ubavu wa mlima na kuzungushiwa ukuta wa mawe na udongo mfinyanzi. Mfereji, sisi tunauita mfongo, unalijaza usiku. Asubuhi kizibo cha mti kinachomolewa chini ya ukuta na maji yanashuka mashambani, na jioni kinarudishwa. Kila ndiva ina mwenyewe, mzee wa ukoo, na asiyehusika hagusi kizibo kile. Mjomba Kajiru ndiye alikuwa mwenye ndiva ya ukoo wa mama yangu. Na kwa ukoo ule, mwenye ndiva akifa maji hayaguswi mpaka awe ameingia ardhini. Kizibo kinabaki kama alivyokiacha kwa mkono wake. Nilipokuwa mdogo tuliambiwa kwamba maji nayo yanakaa matanga.

Desturi hiyo haikuwahi kumdhuru mtu, kwa sababu kwetu maiti hakawii. Anakufa leo, anazikwa kesho, maji yanafunguliwa. Na wakati wa mvua ndiva huachwa wazi. Lakini mjomba alikufa akiwa amekinga kila tone kwa ajili ya ukame, mfongo umeelekezwa ndani, kizibo kimekazwa. Mvua ilianza yeye akiwa hajitambui tena.

Njia ya kwenda msibani inapita kando ya ndiva. Nilikuwa mbele, Mzee Zefania nyuma. Nikasikia hatua zake zimesimama. Nilipogeuka nikaona alichokiona. Ndiva ilikuwa imejaa mpaka mdomoni. Mfongo bado unamimina. Yeye hakutazama juu, alishuka chini ya ukuta, akachuchumaa, akakinga kiganja mahali maji yalipokuwa yakipenya kati ya mawe. Akayasugua kwa vidole. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na vidoleni kulibaki chembe. Ukuta ulikuwa unatoka nje kidogo kidogo pamoja na maji.

Nilimngoja aseme neno lake. Nilimfahamu mzee yule kwa miaka, hajawahi kuona ufa asiulize. Safari hii hakuuliza. Alinyanyuka, akaufuata kwa macho mteremko chini ya ndiva, hadi korongo lile la zahanati, hadi ukungu uliofunika tambarare. Midomo yake ilikuwa imekauka kwenye mvua ile.

Hapo ndipo nilipoelewa. Tulikuwa tumepima mvua. Tulikuwa tumepima mawe, mchwa, upepo na choo. Ndiva tuliiona, tuliiandika kwamba ipo, ina mwenyewe na inafunguliwa kila asubuhi. Mhandisi hangeweza kuuliza habari za matanga, angeanzia wapi? Mzee Zefania alikuwa wa Ugweno, na kwao desturi ilikuwa nyingine. Mimi nilikuwa naijua tangu nanyonya, ndiyo maana sikuisema. Jambo ulilozaliwa nalo huoni kama ni habari.

Msibani tulikuta wazee wamejaa ndani, moshi, mvua inapiga nyasi za paa. Mjomba Eliesa, mdogo wa marehemu, ndiye alikuwa anaongoza. Tukatoa pole, tukakaa. Nikauliza mazishi ni lini.

"Tunamngoja Mbonea," akasema. Mbonea alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu, anafanya kazi kwenye mashamba ya katani Tanga. "Simu imepigwa kutoka stesheni. Amejibu yuko njiani. Hatuwezi kumzika baba yake kama mtu asiye na mtoto."

Nikaeleza hali ya ndiva.

"Mpwa wangu," akasema Mjomba Eliesa, bila ukali, "ndiva hiyo imeshika maji tangu babu yako hajaota meno. Haiguswi mpaka mwenyewe alale. Unataka tuanze kuvunja mambo siku ya msiba wake?"

"Chini kuna watu, mjomba."

"Kuna watu kila mahali."

Mimi ni mtoto wa dada, kwenye ukoo wa mama sina kauli. Ndipo Mzee Zefania akavua kofia yake iliyolowa.

"Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni mgeni, naomba kufundishwa. Desturi inakataza nini hasa?"

"Ndiva isifunguliwe."

"Nimeelewa. Je, inakataza mfongo usizibwe?"

Sasa mnatujua sisi Wapare kwa kesi. Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Mzee mmoja akasema mfongo ni mdomo wa ndiva, ukigusa mdomo umemgusa mtu. Mwingine akasema mdomo si tumbo, na mtu aliyefiwa haruhusiwi kula, kwa hiyo kuiziba ndiva mdomo ni kuifungisha saumu ya matanga, tena ni heshima. Wa tatu akakumbuka kesi ya zamani ya mfongo wa ukoo wa jirani. Walibishana kwa raha kabisa, wajukuu zangu, kwa mifano na methali, na mimi nasikia mvua tu, namwona Namkunda amelala ubavu kwenye kitanda cha chuma. Nilitaka kupiga kelele. Mzee Zefania alinikanyaga mguu.

Wakaamua kwamba kuziba mfongo si kufungua ndiva. Sikungoja mtu amalize sentensi. Nikachukua jembe, tukakimbia vijana watatu, tukageuza mfongo kwa mawe na migomba. Ukaacha kumimina. Lakini ubavu wote wa mlima ulikuwa unachuruzika, na ndiva ikaendelea kupokea kutoka kila upande. Kwenye ukuta, pale palipokuwa panapenya tone, sasa palikuwa panatoka kama kamba nyembamba.

Niliporudi sikurudi kwa wanaume. Nilikumbuka somo la Mzee Zefania, nikaenda jikoni.

Mjane, Mama Mbonea, alikuwa amekaa sakafuni na kina mama wenzake, kanga kichwani. Nikapiga magoti. Nikamwambia kila kitu, na nikamwambia kwamba naogopa. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mikono mikubwa. Yeye ndiye aliyekuwa akimsaidia marehemu na ndiva miaka yote, mume akizamia kizibo, yeye juu ukutani akimwambia maji yanavyokwenda.

"Umeona wapi panapovuja?" akaniuliza.

"Kulia kwa kizibo, chini ya jiwe jeupe."

Akafumba macho. Alilijua jiwe jeupe. "Alisema atapaziba baada ya vuli," akasema. Kisha, "Mkeo yuko wapi?"

"Zahanati, mama. Chini."

"Ni mimba ya kwanza?"

"Ya pili. Ya kwanza ilitoka."

Yeye alikaa akitazama mafiga, na mimi sikuthubutu kusema tena, kwa kuwa nilijua ninachomwomba. Hakukuwa na njia nyingine. Ili maji yafunguliwe, mumewe lazima azikwe. Na mtoto wake wa kwanza alikuwa ndani ya treni, anakuja kumtupia baba yake udongo.

Akasimama. Mjane hatoki jikoni siku ile, lakini alitoka, akasimama mlangoni kwa wanaume.

"Shemeji, mchimbeni kaburi."

Mjomba Eliesa akageuka. "Mama Mbonea, mtoto yuko njiani."

"Najua aliko mwanangu. Mimi ndiye niliyemzaa."

"Akija akakuta kaburi atasema nini?"

"Atasema na mimi. Hatasema na wewe. Mchimbeni, nimesema."

Tulichimba. Sijawahi kuchimba vile, wala sijawahi kuogopa vile. Udongo uliolowa unashika jembe, shimo linajaa maji, mnayakomba kwa vibuyu. Nilikuwa nachimba huku nimegeuza sikio upande wa ndiva. Nilisali, na katikati ya sala nilikuwa nahesabu ukuta una unene gani. Kwa muda nikamchukia mzee aliyekufa, ambaye alikuwa amenibeba mgongoni nikiwa mtoto, kwa kuwa amekufa siku mbaya. Hayo pia hutokea kwa mtu mwenye hofu.

Mwinjilisti alisoma kwa ufupi, maji yanatiririka kwenye kitabu. Mjomba Kajiru akashushwa. Mama Mbonea akatupa udongo mara mbili, wa kwake, kisha mwingine. Hakusema wa pili ni wa nani.

Kisha tukaenda ndivani sote, msafara mzima wa mazishi.

Mimi nilitaka kizibo king'olewe mara moja. Mama Mbonea akanishika mkono. Maji yakiwa mengi vile, ukikichomoa ghafla yatakula tundu na kubeba ukuta mzima. Mjomba Eliesa akavua shati, akafungwa kamba kiunoni, akazama. Mama Mbonea alisimama juu ya ukuta, kanga imemgandama mwilini, akimwelekeza kila alipoinua kichwa. "Kizungushe, usikivute. Tena kidogo. Acha. Acha yatoke kwanza." Maji yakaanza kutoka chini kwa sauti ya mtu anayekoroma. Akangoja. "Sasa kidogo tena." Nilimtazama mama yule na nikaona kwamba hajalia tangu tufike.

Ndiva ikashuka polepole, kiasi kwamba ulidhani haishuki. Ilipofika nusu, kipande cha ukuta pale kwenye jiwe jeupe kikameguka, kikubwa kuliko ng'ombe, kikaporomoka korongoni na maji yaliyobaki yakakifuata. Ardhi ilitikisika chini ya nyayo zetu. Kila mtu alikuwa anafikiria ile nusu ambayo haikuwamo tena.

Nilishuka mlima nikianguka na kunyanyuka. Nilipofika, zahanati ilikuwepo. Maji yalikuwa yamepanda kilima, yameacha takataka kwenye ngazi ya baraza, juu ya alama zetu zote, yakaishia hapo. Mikono ya korongo bado haivukiki. Dresa akatoka, akaniona, akarudi ndani. Wajukuu zangu, hakuna kinachoogopesha kama mtu anayekuona halafu akarudi ndani. Nilisimama pale nimeshika mgunga wenye miiba na sikusikia miiba. Kisha akatoka tena, amemshika mkono Namkunda, anatembea mwenyewe, tumbo mbele, amekasirika kwamba ameamshwa. Mtoto alizaliwa maji yalipopungua. Ni msichana, tulimpa jina la Mama Mbonea, ndiye nyanya yake huyu kijana wenu anayeendesha ile nyigu.

Mbonea alifika reli ilipofunguliwa. Nilikwenda kumpokea stesheni, kwa sababu niliona ni aibu kujificha, na njiani nilimwogopa kuliko nilivyoogopa maji. Nilimweleza yote tukitembea. Alipofika kaburini alikaa, akamuuliza mama yake, "Mlimlaza anatazama wapi?"

"Ndivani," akasema mama yake.

Kesho yake pembe ya msaragambo ilipigwa, ile kazi ya ukoo ambapo kila nyumba hutoa mtu, tukajenga upya ukuta. Mbonea alibeba mawe kuliko wote. Hakurudi Tanga, alibaki akawa mwenye ndiva. Lakini hakunisamehe, na mimi sikumdai. Tulisalimiana njiani, tulikaa benchi moja kanisani, ila kwangu hakuwahi kuingia akala chakula. Nikimkaribisha alisema ameshiba.

Mhandisi tulimweleza yote. Alisikiliza, akasahau makande yake yakapoa. Kuanzia hapo tulibadilisha namna ya kufanya kazi. Tulipofika kwenye tangi, ghala, daraja au mfereji, kabla ya darubini na kabla ya fimbo, Mzee Zefania alikuwa akiuliza: nani anafungua? Na yeye akifa, itakuwaje? Watu walidhani anawaombea mabaya. Mahali pengi jibu lilikuwa hakuna ajuaye, na huko ndiko tulikoogopa zaidi. Nendeni mkaulize nanyi. Tangi lenu jipya pale mjini Same, ufunguo wa koki anao mtu mmoja. Nimeuliza.

Mbonea alifariki miaka michache iliyopita, tena wakati wa mvua. Niliposikia, kitu cha kwanza nilichofanya, Mungu anisamehe, sikulia. Nilimwambia mjukuu aniwashie pikipiki anipandishe mlimani, na nilipofika sikwenda nyumba ya msiba, nilikwenda ndivani kwa fimbo yangu.

Ilikuwa tupu. Mfongo umegeuzwa, kizibo kimelazwa ukutani, kikavu.

Binti yake alinikuta nimesimama hapo. Akaniamkia, akasema baba yake aliposikia mwili unamwishia aliomba abebwe mpaka ndivani, akafungua mwenyewe, ndipo akarudi kulala. Akasema pia ameniachia salamu.

"Alisema, mwambieni yule mwoga aje ale, maji nimeshafungua."